Kujitolea Mongolia wakati wa baridi: mwongozo wa kuishi kwenye soum

Wengi wanaojiandaa kwenda kujitolea Mongolia huanza kwa kuulizia baridi. Inafika nyuzi ngapi? Koti gani linafaa? Ni maswali ya maana, lakini majibu yake yanapatikana dukani. Kinachommaliza mtu kule si baridi yenyewe, ni kazi ambayo baridi inamletea. Joto unalitengeneza mwenyewe kila alfajiri, maji unayafuata mwenyewe, na ukishamaliza hayo mawili ndipo unaanza shughuli iliyokupeleka, iwe ni kufundisha Kiingereza au kusaidia hospitalini. Anayelijua hilo mapema huipanga siku yake kwa kuzingatia moto na maji. Asiyelijua hufika Desemba amechoka na amewanunia watu wasio na kosa.

Mwongozo huu unamlenga aliyepangiwa soum. Mongolia ina mikoa 21 iitwayo aimag, na kila aimag imegawanywa katika soum, yaani wilaya za mashambani. Makao makuu ya soum ni shule, hospitali ndogo, ofisi ya gavana, maduka machache, kisha ger (mahema ya duara ya sufu) na nyumba za magogo zilizozungushiwa uzio wa mbao. Baada ya hapo ni nyika tupu. Nchi ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.5 na watu kama milioni 3.5, na karibu nusu yao wamejazana mji mkuu, Ulaanbaatar, kwa hiyo ukiambiwa soum yako iko mbali, amini. Kama umepangiwa fleti Ulaanbaatar, mfumo wa joto wa jiji huwashwa 15 Septemba na kuzimwa 15 Mei, na sehemu kubwa ya haya haikuhusu. Wewe utapambana na moshi wa jiji.

1. Ijue kalenda kabla hujapanga lolote

Wamongolia huhesabu baridi kwa tisa tisa: vipindi tisa vya siku tisa kila kimoja, jumla siku 81, kuanzia 22 Desemba. Kila kipindi kina alama yake. Katika tisa ya kwanza inaganda pombe ya maziwa. Katika ya tatu zinaganda pembe za fahali wa miaka mitatu, na katika ya nne za fahali wa miaka minne. Ikifika ya tano, wali uliopikwa haugandi tena. Ya sita njia zinaanza kuonekana kwenye theluji, ya saba vilele vya vilima, na ya tisa joto limeshaingia.

Usiyachukulie haya kama mapambo ya kumfurahisha mgeni. Tisa ya tatu na ya nne zinaangukia kati ya 9 na 26 Januari, na hizo ndizo siku ambazo hutakiwi kupanga semina, kuanzisha mradi wala kufunga safari ya kwenda kutembea. Nyuzi 30 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na kwenye mabonde ya mikoa kama Uvs na Zavkhan hushuka kupita 40. Ukiamka, ukawasha moto, ukafundisha vipindi vyako na kurudi kulala salama, umefanya kazi.

Kipindi ambacho wageni hawakitegemei ni Machi hadi Mei. Baridi imelegea, moyo umeshashangilia, halafu unakuja upepo wenye vumbi, theluji ya ghafla, na mifugo iliyokonda inaanza kuanguka mmoja mmoja. Kwa maoni yangu huo ndio wakati mgumu kuliko Januari, kwa sababu Januari ulikuwa umejiandaa. Likizo yako, kama una chaguo, iweke Aprili.

2. Beba vichache, nunua vingi huko huko

Usihangaike kutafuta koti la theluji kabla ya kuondoka. Watu waliozaliwa kwenye baridi hiyo wanajua kuivalia, na nguo zao ziko sokoni. Ukipita Ulaanbaatar nenda soko la Narantuul, mkoba ukiwa mbele ya tumbo na simu mfuko wa ndani, maana wachomoaji wapo. Nunua soksi za sufu ya ngamia, kofia inayofunika masikio, viatu vya sufu iliyogandamizwa, na deel ya baridi, lile joho refu lenye ngozi ya kondoo kwa ndani na mkanda kiunoni. Deel inashinda makoti mengi ya kisasa kwa sababu moja rahisi: ni ndefu, inafunika mapaja na magoti, na mikono yake ni mirefu kupita vidole. Tena ukiivaa, wazee wanakusalimia kwa namna nyingine kabisa.

Viatu vyovyote utakavyonunua, viwe vikubwa kidogo. Kiatu kinachobana kinazuia damu na hakina nafasi ya hewa, na hapo hata soksi tatu hazikusaidii. Kama una mguu mkubwa sana, viatu ndiyo kitu pekee cha nje ninachokushauri uje nacho.

Vya kubeba kutoka kwenu ni hivi: fulana na suruali za ndani za sufu zinazokukaa vizuri (pamba hapana, ikishika jasho haikauki na inakugandisha), dawa zako za miezi kadhaa, miwani ya akiba, taa ya kichwani, na king'amuzi cha gesi ya kaboni monoksaidi chenye betri. Chanjo ya kichaa cha mbwa chomwa kabla ya safari. Kuhusu nguo za heshima za kazini, weka jozi mbili nzuri. Walimu wa Mongolia huvaa vizuri sana kazini, na mtu wa kujitolea anayekuja shuleni kama anayepanda mlima anaonekana hawaheshimu.

3. Jifunze jiko kabla hujajifunza kitu kingine chochote

Ger ni hema la duara lenye mifupa ya mbao iliyofunikwa matabaka ya sufu. Katikati limekaa jiko la bati, na bomba lake la moshi linapanda hadi kwenye tundu la paa. Jiko hilo linapika, linapasha joto, linayeyusha barafu na linakausha nguo. Likizima saa nne za usiku, kufikia alfajiri beseni la maji limeshika barafu juu, na pumzi yako imeacha utando mweupe kwenye blanketi pale mdomo ulipokuwa.

Kwa hiyo kazi ya asubuhi inaanza jioni. Kabla ya kulala, pasua vijiti vyembamba, viweke pamoja na magome makavu na kiberiti mahali unapofikia bila kutoka kitandani. Jaza ndoo ya argal, yaani kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na uiweke kando ya jiko. Argal ni nishati nzuri kuliko mgeni anavyodhani: ikikauka haina harufu mbaya, inashika moto upesi na inatoa joto kali. Ila inaisha upesi vilevile. Kuni zinadumu kidogo zaidi, na makaa ya mawe ndiyo yanayobaki.

Asubuhi nyosha mkono, ondoa majivu ya juu uache kidogo chini, fungua kabisa kifuniko cha bomba la moshi, panga magome na vijiti, washa. Vikishika, weka argal vipande viwili vitatu, vimesimama vikiegemeana ili hewa ipite. Rudi chini ya blanketi. Utasikia bati linaanza kutoa milio midogo likipata moto. Hiyo ndiyo ishara ya kuongeza kuni. Makaa ya mawe yanaingia mwisho kabisa, kuni zikiwa zimeshatengeneza moto mkali. Ukiyatupia mapema yanafukiza tu, na utatoka nje unanuka moshi siku nzima.

Sasa hatari yenyewe. Jaribu kubwa ni kufunga bomba la moshi usiku ili joto lisipotee. Usilifunge kabisa makaa yakiwa bado yanawaka. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na ger iliyozibwa vizuri kwa ajili ya baridi inaitunza vizuri vilevile. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi usioeleweka. Ukiamka na kichwa kinagonga, usitafute dawa: fungua mlango, toka nje, pumua, halafu ndipo ufikiri. Nimeona watu wakiacha king'amuzi ndani ya begi eti kinapiga kelele. Kinapiga kelele kwa sababu ndiyo kazi yake.

Majivu yatie kwenye ndoo ya chuma, si ya plastiki, na usiyamwage siku ya upepo. Kaa moja lililofichika ndani ya majivu linatosha kuchoma uzio wa jirani. Bomba la moshi ligongwe na kusafishwa masizi mara kwa mara; jirani atakuonyesha kwa furaha, maana bomba lako likiwaka moto na yeye yuko hatarini.

Jambo la adabu ambalo ni zito kuliko linavyoonekana: moto wa nyumbani unaheshimiwa. Hutupi takataka ndani yake, humwagii maji, huuelekezei nyayo za miguu. Kwenye jiko lako mwenyewe unaweza kudhani hakuna anayeona. Mgeni ataingia saa hiyo hiyo.

Mwezi wa tisa au wa kumi, kabla ardhi haijaganda, waombe majirani wakusaidie kuongeza tabaka la pili la sufu na kuziba vizuri sehemu ya chini ya ukuta, upepo unakopenyea. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Andaa chai na chakula, na usitoe pesa mkononi kama kibarua labda useme kwanza na mwenyeji wako.

Na vitu visivyotakiwa kuganda? Viazi, vitunguu, mayai, dawa za maji na kompyuta vinahitaji kulindwa usiku. Lile sanduku la kutunzia vinywaji baridi linafanya kazi kinyume na lilivyokusudiwa: weka vitu ndani, funika kwa nguo nzito, na vitabaki bila kuganda hadi asubuhi. Nyama haina shida, inakaa nje kwenye banda mpaka majira ya kuchipua, mradi mbwa hawaifikii.

4. Maji

Sehemu nyingi kuna kioski cha maji au kisima chenye saa zake. Zijue saa hizo siku ya kwanza, kwa sababu mtunza kisima naye ana mifugo ya kuangalia. Utachota kwa madumu na kuyavuta kwa kigari cha magurudumu mawili, au kwa kijisanduku cha kuteleza theluji ikishika. Usijaze dumu hadi mdomoni. Maji yakimwagika kwenye glavu, glavu hiyo imekwisha kwa siku hiyo. Beba jozi nyingine kavu mfukoni. Sehemu nyingine watu hukata mapande ya barafu mtoni na kuyapanga nje ya nyumba, na ukitaka chai unavunja pande kwa shoka unaliyeyusha. Barafu ni maji ya mto yaliyosimama tu, kwa hiyo chemsha.

Maji yakishaingia ndani yana safari yake. Yaliyooshea mboga yanaoshea mikono, yaliyooshea mikono yanafuta sakafu. Ya mwisho yanamwagwa kwenye shimo la maji machafu, mbali na mlango. Ukimwaga mlangoni, kesho umejitengenezea uwanja wa barafu, na atakayeanguka atakuwa mama mzee aliyekuletea maziwa.

Kuoga kwa beseni kunawezekana ukiwa umeuchochea moto mpaka mashavu ya jiko yamekuwa mekundu. Makao makuu mengi yana nyumba ya bafu ya kulipia. Nenda mara moja kwa wiki, na usitoke na nywele mbichi. Nguo ulizofua zianike nje bila wasiwasi. Zitakakamaa mpaka suruali isimame yenyewe, lakini barafu hiyo inapotea hewani taratibu, na ukiziingiza jioni zinamalizikia karibu na jiko.

5. Choo

Ni cha shimo, kiko nje, na hakina joto. Usiku tumia ndoo yenye mfuniko; hakuna anayekutegemea uwe shujaa saa nane za usiku. Saa nyingine, vaa taa ya kichwani kama jua limezama, shika pindo la deel yako juu, na fanya haraka. Kuanzia Desemba kilichomo shimoni kinaganda na kupanda juu kama kichuguu, na kuna fimbo ya chuma kando kwa ajili ya kukibomoa. Ni zamu, na zamu yako itafika. Ukiumwa tumbo Januari ndipo utajua kwa nini nimesema maji yachemshwe.

6. Linda mwili

Vidole, pua, masikio na mashavu ndivyo vinavyoganda kwanza. Ngozi inakuwa nyeupe au ya kijivu, ngumu, na haina hisia. Kukosa maumivu ndiko kunakodanganya. Mkitembea wawili, tazamaneni usoni kila baada ya dakika chache. Ikitokea, ingia ndani, weka sehemu hiyo kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, usisugue, usipake theluji, usiisogeze kwenye jiko. Na kama bado uko njiani na itaganda tena kabla hujafika, ni heri kuiacha ilivyo mpaka ufike pa kudumu, maana kuyeyuka na kuganda upya kunaharibu zaidi.

Mwili wote ukipoa chini ya nyuzi 35, mtu anatetemeka, anajikwaa, maneno yanamshinda, kisha anaacha kutetemeka na kusema yuko sawa. Huyo hayuko sawa. Mvue nguo mbichi, mfunike, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, ita msaada. Vodka haipashi mwili joto. Inaufungulia mlango joto litoke. Namba ya gari la wagonjwa ni 103, polisi 102, zimamoto 101. Pamoja na hizo, hifadhi namba ya daktari wa soum na ya dereva mmoja mwenye gari linalowaka asubuhi, kwa sababu matatizo makubwa yanapelekwa hospitali ya aimag, na barabara ndiyo inayoamua.

Mbwa wa Mongolia ni walinzi, si marafiki. Ukikaribia ger ya watu simama mbali uite washike mbwa, hata kama humwoni. Maziwa mabichi yakatae kwa upole, kuna ugonjwa wa brusela. Marmoti, mnyama wa jamii ya kindi anayelala msimu wa baridi wote, usimguse wala kumla akitoka: anabeba tauni, na mwaka 2019 mume na mke walifariki huko Bayan-Ölgii baada ya kula nyama yake mbichi.

Kuhusu simu, betri hufa haraka kwenye baridi; ivae karibu na mwili. Ikiingia ndani imepoa kama jiwe usiichaji papo hapo, iache ishike joto. Kompyuta nayo ibaki ndani ya begi mpaka ipate joto la chumba, la sivyo inatoa jasho kwa ndani.

7. Kula na kukaribishwa

Utakula nyama ya kondoo, unga, viazi, karoti, kabichi, na nyama ya kondoo. Mafuta yake yanasumbua ulimi mwezi wa tisa na yanatamanika mwezi wa kwanza. Mwili unajua unachokifanya. Chai ni ya maziwa yenye chumvi. Usiionje ukitegemea sukari.

Ukiingia kwenye ger ya mtu usikanyage kizingiti, usipige mluzi ndani, usipite katikati ya nguzo mbili za kati. Pokea chochote kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, mikono ya nguo ikiwa imeshushwa. Ukimkanyaga mtu mguu, mpe mkono hapo hapo. Wanawake waliokuzidi umri waite egch (dada mkubwa), wanaume akh (kaka mkubwa), na mambo mengi yatanyooka bila wewe kujua kwa nini.

Hugongi mlango wa ger, na wao hawatagonga wa kwako. Watu wataingia ukiwa umevaa soksi moja, watakaa, watatazama picha zako, watauliza mshahara, umri, kwa nini hujaoa au hujaolewa, na kama umenenepa watakwambia. Ukiwa na ngozi nyeusi, watoto watataka kugusa nywele na watu wazima watakutazama bila kuficha. Mara nyingi hakuna ubaya ndani yake, lakini inachosha kuwa tukio kila siku. Una haki ya kufunga mlango kwa ndani Jumapili mchana na kusema umelala.

Pombe ndiyo mtihani unaowaangusha wengi. Glasi ikikujia huisukumi kwa kiganja. Ipokee, chovya kidole cha pete, rusha tone hewani, gusa midomo, mrudishie. Umeheshimu na hujanywa. Kama hutumii kabisa, sema wiki ya kwanza na usibadilike, kwa sababu ukinywa siku moja umeshafungua daftari.

Tsagaan Sar, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, huangukia zaidi Februari. Familia hutengeneza buuz, yaani mandazi madogo ya nyama yanayopikwa kwa mvuke, kwa mamia na kuyagandisha nje. Utazungushwa nyumba kwa nyumba. Unaposalimiana na aliyekuzidi umri, nyoosha mikono chini ya mikono yake, viganja juu, umshike viwiko kama unayembeba. Kila nyumba kula mawili tu, maana ya kumi na moja ipo na nayo imepika.

8. Safari

Magari mengi ya soum ni yale mabasi madogo ya Kirusi, na huondoka yakijaa, si saa iliyosemwa. Wewe vaa kwa ajili ya gari kuharibika, usivae kwa ajili ya joto la ndani. Beba chupa ya chai, mkate, aaruul (maziwa magumu yaliyokaushwa), blanketi, tochi na kiberiti. Mwambie mtu mmoja unakoondoka na mmoja unakokwenda. Gari likikwama, kaa kwenye gari. Dereva wa Kimongolia atatengeneza kitu kwa waya na mpira mbele ya macho yako. Mshikie tochi na unyamaze. Akisema leo haendi, usimbembeleze kwa pesa.

9. Kazi yenyewe, na upweke

Utafika shuleni ukiwa na mpango, na mpango utakutana na boila iliyozimika, vipindi vilivyofupishwa, na mkutano ambao kila mtu aliujua isipokuwa wewe. Chukua nusu ya ulichotaka kufanya ndani ya mwaka, kisha katikati ya msimu ikate nusu hiyo tena. Watoto wengi wa wafugaji wanaishi bweni, mbali na wazazi, wengine tangu wakiwa na miaka sita au saba. Mwalimu anayekaa nao bwenini jioni moja kwa wiki akicheza karata anapata Kiingereza kingi kuliko darasani. Hilo halimo kwenye fomu ya ripoti, liandike hata hivyo.

Mwaka wa dzud, yaani baridi inayoziba malisho kwa theluji au barafu, mambo yanabadilika kabisa. Ile ya 2009 hadi 2010 iliua mifugo zaidi ya milioni 8. Ukiwa huko wakati kama huo, mwenzako anayekosa kazini yuko mlimani anachimbua wanyama wa ndugu yake. Usimuulizie ripoti ya mwezi. Nenda kamsaidie kubeba nyasi, au angalau mchukulie vipindi vyake.

Upweke nao unapangiwa ratiba kama maji. Bahati nzuri ni kwamba baridi ya Mongolia mara nyingi huja na anga la buluu lisilo na wingu. Mchana wa Desemba una saa nane hivi za mwanga, basi toka saa sita, utembee hata nusu saa, kila siku, usisubiri hamu ije. Weka siku ya kupiga simu nyumbani na usipige kila unapolia, kwa sababu ukizoea hivyo mtandao utakatika siku unayouhitaji. Tafuta nyumba moja, si tano, ambayo unaweza kwenda bila sababu na kuchambua viazi kimya.

Kuna mambo ambayo huvumilii. Nyumba isiyoshika joto hata moto ukiwaka, mtu anayekunyanyasa au kuingia kwako usiku amelewa, dawa zako kuisha bila njia ya kuzipata, au wiki zinapita huli wala hulali. Hapo andikia shirika lililokupeleka, taja tarehe na kilichotokea, omba uhamishwe. Kwa watu wa soum, kuondoka kabla ya muda hakutakuwa aibu kubwa kama unavyodhani. Wao wenyewe huhama mara kadhaa kwa mwaka mahali pasipowafaa.

Na ukivuka Machi ukiwa bado upo, usikimbilie kuondoa tabaka la pili la sufu kwa sababu jua limewaka siku tatu mfululizo. Theluji ya Mei ni ya kawaida. Mtazame jirani: siku atakayopunguza la kwake, mwombe akimaliza aje mshushe na la kwako.